Kabla ya kununua taa za ziada, nunua waya

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu gari langu halihusu injini wala tairi. Watu huuliza: hizo taa za mbele ulinunua wapi? Nawajibu, halafu naongeza kwamba taa zenyewe ni za kawaida kabisa, pengine za bei ya chini kuliko walizofunga wao. Kinachozifanya ziangaze vile kiko chini ya boneti, na hicho hakuna anayekiuliza.

Kazi yangu ni kununua alizeti na karanga vijijini. Msimu ukianza sina saa maalumu ya kurudi nyumbani. Barabara kuu za kutoka Dodoma siku hizi hazina neno: ya Iringa kupitia Mtera, ya Babati kupitia Kondoa, ya Singida, ya Morogoro, zote ni lami. Mambo hubadilika ukiiacha lami, ukielekea Farkwa au Kibakwe, au ukitoka Itigi kuitafuta Rungwa. Huko usiku utakutana na ng'ombe waliojilaza katikati ya njia, baiskeli yenye magunia ya mkaa isiyo na taa wala kiakisi, korongo ambalo wiki iliyopita halikuwepo, na lori bovu ambalo dereva wake ametupa matawi machache nyuma kama tahadhari. Matawi hayo yakishakauka na kupakwa vumbi yanafanana na barabara yenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, na dimu (taa ya kumulika karibu) ya pikapu ya zamani hukuonyesha mita 50 au 60 tu mbele. Hesabu iliyobaki piga mwenyewe.

Kwa hiyo sina ugomvi na taa za ziada. Ugomvi wangu ni jinsi zinavyofungwa.

Njia ya mkato inajulikana. Fundi anatafuta waya wowote wenye moto chini ya dashibodi, anaupeleka kwenye swichi, kutoka kwenye swichi anautoa nje mpaka kwenye taa, hasi anaibana kwenye boliti ya ngao ya mbele, anazungushia tepu nyeusi, anakuambia "washa bosi". Zinawaka. Unalipa, unaondoka umefurahi. Umeme wote wa taa sasa unasafiri kutoka betri, unaingia ndani ya gari kwa waya mwembamba ambao kiwanda kiliuweka kwa kazi nyingine, unapita ndani ya swichi ndogo ya plastiki, unarudi tena nje. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Zikiwa za wati 100 kila moja, unakaribia ampea 17. Swichi nyingi za dukani zimeandikwa ampea 20 mgongoni, lakini maandishi hayo ni ya kujisifu tu. Iguse baada ya nusu saa ya safari utaelewa.

Hapo ndipo rilei inapoingia. Ndani ya kile kiboksi cheusi kuna koili ndogo ya sumaku na vidole viwili vya chuma. Koili ikipata umeme kidogo, karibu ampea 0.15 tu, inavivuta vile vidole vinagusana, na umeme mkubwa unapita kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa bila kukanyaga ndani ya gari. Swichi iwe nyapara, rilei iwe mpagazi. Nyapara hapaswi kubeba mzigo, kazi yake ni kutoa amri.

Watu wengi wanaishia hapo: rilei inalinda swichi isiungue. Ni kweli, lakini kwangu faida kubwa ni nyingine, nayo ni mwanga. Waya wa shaba una ukinzani. Waya wa milimita 1 za mraba wenye urefu wa mita 5, yaani kuingia kwenye dashibodi na kutoka, ukipitisha ampea 9 unakula karibu volti 0.8. Ongeza inayoliwa na swichi, na kwenye maungio ya tepu, na kwenye hasi iliyobanwa juu ya rangi, utafika volti 1.4 bila shida. Injini ikiwa inaunguruma na alteneta (jenereta ya gari) inatoa volti 13.8, umepoteza asilimia 10. Halojeni haisamehi: ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga wake unashuka kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana mtu ananunua taa za wati 100, anaona hazitoshi, anakwenda kutafuta za wati 130, wakati angebadilisha waya wa zile za 55 angeridhika.

Kama unayo mita ya kupimia umeme, hata zile za bei rahisi, unaweza kulithibitisha hili leo jioni. Washa injini, washa taa. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu gusisha nguzo chanya ya betri, ncha nyeusi ingiza nyuma ya soketi ya taa, upande wa waya chanya. Usishangae kwamba ncha zote mbili ziko kwenye chanya. Namba inayotokea ni volti zilizoliwa njiani. Kisha fanya hivyo upande wa hasi: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya taa. Kila upande ukisoma chini ya 0.3, umefungiwa vizuri. Ukikuta volti moja nzima upande mmoja, usinunue taa mpya.

Sasa kununua. Kwa taa mbili za wati 55 chukua waya wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi ya ampea 15. Kwa mbili za wati 100 chukua milimita 4 na fyuzi ya 25. Rilei ya kawaida ya ampea 30 au 40 inazibeba zote. Waya uwe wa nyuzi nyingi laini, wa magari. Ule wa kufungia nyumba unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi unapitisha umeme vizuri tu, lakini una nyuzi chache nene, au uzi mmoja tu mgumu, na ukipigwa na mtikisiko wa barabara za changarawe unakatika ndani kwa ndani, ganda likiwa zima. Utautafuta mkatiko huo mpaka uchoke. Soketi ya rilei nunua pamoja na rilei, ile yenye waya zake tayari, lakini ziangalie unene: nyingi zinakuja na waya mwembamba kwenye miguu yote minne, na miguu miwili kati ya hiyo inabeba mzigo. Zikiwa nyembamba, ng'oa uweke zako.

Namba za miguu zimechapwa chini ya rilei, na kwenye rilei nyingi maana yake ni moja. 30 ni moto mkubwa kutoka betri, kupitia fyuzi. 87 unakwenda kwenye taa. 85 na 86 ni koili. Rilei nyingi zinazouzwa kwetu zina mguu wa tano katikati, 87a, na huu ndio unaowapoteza watu: umeunganishwa na 30 wakati rilei imelala. Ukifunga taa hapo, zitawaka ukizima swichi na kuzimika ukiwasha, na asubuhi betri haina kitu. Mguu huo uache mtupu. Lakini angalia pia kama katikati pameandikwa 87 tu bila herufi, kwani zipo rilei za namna hiyo, na hiyo ni njia ya pili ya kutolea umeme wa taa, haina tatizo.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, ndani ya shubiri moja kama inawezekana. Wengi wanaiweka mbele karibu na taa wakidhani inailinda taa. Fyuzi inalinda waya. Kipande chote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Kikichubuka kwenye ukingo wa bati na kugusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea pale, na ganda la plastiki litawaka kabla hujapata spana ya kufungulia nguzo. Panya nao usiwasahau. Gari likilala siku chache karibu na ghala la alizeti, wanapanda kwenye joto la injini na kutafuna waya.

Moto wa koili utoe wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fundi mzuri anapotofautiana na fundi wa kubahatisha.

Koili ya rilei inahitaji umeme mdogo wa kuiamsha, na unaweza kuutoa sehemu tatu. Ya kwanza ni betri moja kwa moja: taa zinawaka hata gari likiwa limezimwa. Inawafaa wanaofanya kazi usiku gari likiwa limesimama, wachimba visima kwa mfano, lakini mtoto akigusa swichi nyumbani betri imekwenda. Ya pili ni waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa. Ni salama zaidi, ila taa za ziada zinabaki peke yake: ukikutana na gari lazima uzime full (taa za kumulika mbali) kwa mkono mmoja na spoti, yaani hizo za ziada, kwa mwingine, na gizani, kwenye kona, hakuna anayekumbuka vyote viwili. Ya tatu ni full yenyewe. Rilei inaamka ukipiga full, inalala ukirudisha dimu, na swichi ya dashibodi inabaki ya kukataza tu, pale usipozitaka kabisa. Kidole kimoja kinazima kila kitu. Mimi sifungi kwa namna nyingine, na ninapopishana na magari kule Kibaigwa au Gairo, penye malori mengi usiku, nashukuru.

Lakini full ya Toyota ina mtego wake. Rafiki yangu anaendesha Land Cruiser mkonga ya mradi mmoja. Alinipigia simu usiku mmoja kutoka Chemba.

"Kaka, hili gari limelogwa."

"Limefanyaje?"

"Nikiweka dimu, spoti zinawaka. Nikipiga full, zinazimika."

Gari halikulogwa, na fundi aliyefunga hakuwa mlevi. Alifanya kile ambacho kwenye magari mengi kingekuwa sahihi: alichukua waya wa full kwenye soketi ya taa kubwa, akaupeleka 86, na 85 akaifunga kwenye bodi. Kwenye magari hayo swichi inakata na kutoa chanya. Kwenye Toyota nyingi za zamani, hasa Land Cruiser za 70 na 80 na baadhi ya Hilux, ni kinyume: chanya inafika kwenye balbu muda wote taa zikiwa zimewashwa, na kile kijiti cha usukani kinachagua hasi ipi iungwe, ya dimu au ya full. Ukiwa kwenye dimu, ule waya wa full hauna njia ya kwenda hasi, kwa hiyo chanya inapenya kupitia uzi wa full ndani ya balbu, inatokea upande wa pili, inaikuta koili ya rilei, inaiamsha. Ukipiga full, waya uleule unaunganishwa na hasi, koili inakosa moto, rilei inalala. Kila kitu kinafanya kazi kama kilivyofungwa.

Namna ya kujua gari lako ni la aina gani ni rahisi. Chomoa soketi nyuma ya taa kubwa moja, ile yenye matundu matatu, na ya taa ya upande wa pili pia, ili umeme usipenye kwa mlango wa nyuma. Washa taa. Ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyekundu ipitishe tundu moja baada ya jingine, kwanza kwenye dimu, kisha kwenye full. Kama tundu moja lina volti 12 muda wote na mengine mawili hayana kitu hata ukibadilisha, gari lako linakata hasi. Kama volti zinahama kutoka tundu moja kwenda jingine, linakata chanya.

Kwenye gari linalokata hasi, 86 ipate waya kutoka lile tundu lenye moto muda wote, na 85 iende kwenye tundu la full, si kwenye bodi. Swichi ya dashibodi ikate mojawapo ya waya hizo mbili, yoyote. Ukiwa dimu, pande zote mbili za koili zina volti sawa, kwa hiyo hakuna kinachopita. Ukipiga full, upande wa 85 unapata hasi na rilei inaamka. Rafiki yangu alihamisha waya mmoja tu, pale pale alipokuwa, akimulikiwa na tochi ya simu na mwenzake, na uchawi ukaisha.

Kama rilei yako ina alama ya dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye mchoro wake wa ubavuni, zingatia kwamba 86 lazima iwe upande wa chanya. Ukigeuza, dayodi inakuwa njia ya wazi ya shoti na fyuzi itakatika kila ukiwasha. Isiyo na dayodi haijali.

Na kama gari lako ni la miaka ya karibuni, ambalo taa zake zinatawaliwa na kompyuta, usichomeke kitu chochote kwenye waya za taa kubwa kabla hujampata mtu anayelijua gari hilo. Sisi wenye magari ya zamani tuna bahati ya kuweza kukosea bila kompyuta kulalamika.

Hasi, vumbi na mtikisiko

Watu hujali sana waya mwekundu, mweusi wanaufunga popote. Ngao ya mbele imepakwa rangi, mara nyingine imefungwa juu ya mipira, na boliti zake zina kutu. Umeme ulioingia kwenye taa lazima utoke wote, kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hasi iwe na unene uleule wa chanya na iende kwenye nguzo hasi ya betri, au kwenye bodi mahali ulipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, ukabana kwa boliti na wosha yenye meno, kisha ukapaka grisi juu. Taa inayopepesa kila ukipita kwenye mashimo, tisa kati ya kumi utakuta ni hasi.

Rilei ifunge juu, ubavuni mwa chumba cha injini, mbali na bomba la moshi, miguu ikitazama chini. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama poda na linaingia popote. Likikutana na maji ya mtu wa kuosha gari anayenyunyizia injini kwa presha, linageuka tope linalokaa ndani ya soketi. Miguu ikitazama juu, soketi inakuwa bakuli.

Maungio usikubali yasokotwe na kuzungushiwa tepu. Mwezi wa kumi chini ya boneti, gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza, inabaki inaning'inia na waya uko uchi. Tumia viatu vya waya (vile vipande vya chuma vya kuvisha ncha) vinavyolingana na unene, vibane kwa koleo maalumu, kisha vuta kwa nguvu; kikichomoka hakikuwa kimebanwa. Juu yake vaa mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Kiberiti cha gesi kinatosha kuupasha. Mafundi wengi wanapenda kuchomelea kwa risasi, na ukifanya vizuri umeme unapita bila kasoro, tatizo ni kwamba nyuzi zilizonywa risasi zinakuwa ngumu kama sindano na zinakatikia pale ngumu inapokutana na laini. Ukichomelea, basi funga waya kwenye bodi karibu na hapo usiwe unacheza.

Waya zote vishe bomba la plastiki lenye mikunjo, zifunge kwa tai za plastiki kila kiganja au viwili, na zinapopita kwenye tundu la bati weka mpira. Bati la tundu lililotobolewa kwa drili ni kisu.

Halojeni au LED?

Siku hizi wengi wanafunga LED, na sina neno nazo. Zinakula umeme kidogo kwa mwanga uleule, na kwa gari lenye alteneta ndogo ya zamani hilo ni jambo. Ila namba zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini. Bango la taa lililoandikwa wati 180 lingepaswa kula ampea 15. Lipime kwa mita yenye uwezo huo kabla ya kuchagua fyuzi, na usishangae likisoma 5. Nyingine, hasa za bei ya kutupa, zinatoa kelele kwenye redio: ukiwasha taa, stesheni inakufa. Rilei bado nafunga hata kwa LED, kwa sababu ile ya kidole kimoja.

Kuhusu mahali pa kufunga, bango refu juu ya paa linapendeza kwenye picha. Barabarani linamulika boneti yako mwenyewe, macho yanazoea ule weupe wa karibu na kushindwa kuona mbali, halafu matawi ya migunga yanalichapa kila njia inapobana. Kwenye vumbi ni balaa zaidi: ukimfuata mwenzako mwezi wa nane, mwanga wa juu unagonga vumbi na kukurudia kama ukuta. Vumbi likizidi, zima za ziada zote, rudi dimu, punguza mwendo. Hakuna taa inayolishinda, ingawa mimi naona zile za njano zikifungwa chini ya bampa zinachosha macho kidogo kuliko nyeupe.

Kulenga fanyia mahali tambarare mbele ya ukuta, gari likiwa na mzigo unaobeba kawaida. Hili la mzigo ni muhimu kwa pikapu. Ukilenga ikiwa tupu, ukishapakia magunia nyuma pua inanyanyuka na taa zako zinamulika vilele vya mibuyu. Weka gari mita 8 hivi kutoka ukutani, alama kitovu cha kila taa kwa chaki, kisha shusha mwanga upige chini kidogo ya alama.

Wa Fuso na malori mengine ya volti 24, hesabu zenu ni nusu ya ampea zangu, lakini rilei, balbu na kila kitu viwe vya 24. Rilei ya 12 itaungua koili. Ya 24 ukiiweka kwenye gari la 12 haitavuta. Na tafadhali msichukue moto katikati ya betri mbili ili mtumie taa za 12. Betri moja itakuwa inafanyishwa kazi na nyingine inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Ukiingia mjini zifunike. Trafiki akikusimamisha kwa taa zinazowapofusha wengine ana haki yake, na mwendesha baiskeli anayekuja mbele yako hana dimu ya kukuomba uzime. Anaingia mtaroni tu. Mtu wa miguu naye vilevile. Kwa ng'ombe nimejifunza kuzima za ziada na kubaki na dimu, kwani akimulikwa sana usoni anasimama palepale, na mchungaji anayejaribu kumwondoa naye haoni kitu.

Ukimpelekea fundi kazi hii, mwambie akuchoree kwanza kwenye karatasi, hata nyuma ya risiti. Atakayechora betri, fyuzi, 30, 87, taa, halafu akauliza "koili unataka itoke kwenye full?", mwachie gari. Atakayesema rilei haina haja kwa sababu taa ni mbili tu, mshukuru, uendelee na safari. Rilei na soketi yake ni shilingi elfu chache, hazifiki hata robo ya bei ya taa.

Beba rilei moja ya akiba na fyuzi tatu nne ndani ya gari, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Na baada ya safari ya kwanza ndefu ya vumbi, fungua boneti taa zikiwa zimewaka kwa robo saa, gusa rilei kwa kidole. Joto la vuguvugu ni la koili, ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, zima, ichomoe, tazama mguu wa 30 na wa 87: ukiona plastiki imeanza kuwa ya kahawia, kiatu cha waya ndani ya soketi kimelegea. Kibane kwa koleo au ubadilishe soketi nzima. Kubadilisha rilei peke yake hapo hakusaidii, hata mpya itaungulia palepale.